Kahawa Aliyoiacha Khala Shamsa

Jumatano, baada ya alasiri. Ibra, Omani.

Tangu juzi joto limelegea. Leo nimezima kiyoyozi cha sebuleni nikafungua dirisha. Upepo una vumbi lakini unavumilika. Mdogo amelala. Yeye ndiye anayeota meno, lakini nyumba nzima inaumwa ufizi. Pacha wako kwa bibi yao, ng'ambo ya ua, na nasikia wanagombania kitu. Nina nafasi hii tu, basi naandika.

Kesho asubuhi mama wa skuli tunakutana kumchagua wa kutuwakilisha katika majlis, baraza la wazazi. Nimeshaahidi kumpa mkono, yaani kura yangu, mtu ambaye kwa jambo moja kubwa sikubaliani naye. Nimeahidi bila ya kujua kwamba naahidi.

Hata nikijisimulia mwenyewe, kwanza nacheka, kisha nakasirika.

Anayegombea ni Khala Shamsa. Si khala wangu, mama mdogo wa damu, lakini mtaani petu hakuna anayemwita vingine. Amesomesha Kiarabu na dini mpaka akastaafu, na nusu ya mama watakaokuja kesho wamepita mikononi mwake. Mpaka leo akipita wanatengeneza shela zao, wanawake wazima wenye watoto wanne. Mimi hakunisomesha. Mimi nimekulia Maskati, katika nyumba ya watu wa Zanzibar, na huku Ibra nimekuja kwa ndoa. Labda ndiyo maana simwogopi. Labda ndiyo maana pia nimeingia mtegoni, ingawa mtegoni si neno la haki. Yeye hakutega.

Wiki iliyopita alinijia asubuhi, kidogo baada ya pacha kuondoka na basi la skuli. Anazunguka nyumba hadi nyumba, anakaa, anaeleza anachokitaka. Nikamwekea tende, halua, na machungwa niliyoyamenya mbio mbio huku mtoto yuko kiunoni. Nikammiminia kahawa. Akaipokea kwa mkono wa kulia, akashukuru, akaiweka chini mbele yake juu ya mkeka. Akaanza kusema.

Na nikiri, alisema vizuri.

Alisema skuli ya serikali ni amana. Tumepewa jengo, vitabu na waalimu bila ya kulipa, na wenye uwezo wanawahamishia watoto wao skuli za kulipia ili wajue Kiingereza mapema, kisha wanarudi kutuambia skuli yetu imeharibika. "Imeharibika kwa sababu nyinyi mnaojua kuisimamia mmeikimbia," alisema, kana kwamba wao wako palepale mlangoni. Alisema mtoto ajue kwanza kuandika jina lake na la babake kwa mkono mzuri, skrini itamngoja. Alisema ahifadhi, kwa sababu alichokihifadhi mtoto hakuna wa kumnyang'anya.

Halafu akafika kwenye miradi ya nyumbani, na hapo karibu nimkumbatie. Mwezi uliopita niliambiwa Zuwena, pacha wa kike, alete ngome ya Nizwa ya maboksi. Nikaijenga mimi. Nikakata vidirisha mpaka kidole kikafanya lengelenge, na Zuwena hakugusa hata gundi. Abla, mwalimu wake, akaipa nyota. Khala Shamsa anasema nyota hizo wanapewa mama na maduka ya vifaa, mtoto hajapata kitu, na yeye akichaguliwa jambo hili atalikomesha. Nilitikisa kichwa mpaka shela ikanidondoka.

Safari za watoto kwenda kambi za jangwani nazo hazitaki. Anasema watoto hawana haja ya kwenda kutazama watalii wanavyoteleza mchangani. Mume wangu anafanya kazi katika moja ya kambi hizo, upande wa Mintirib, na mkate wetu unatoka kwa watalii haohao. Hapo nikamsogezea halua.

La mwisho ndilo lililokuwa na uzito. Anataka kuanzia mwakani, tokea darasa la kwanza, wavulana wakae chumba chao na wasichana chao. Skuli ileile, ua uleule, waalimu walewale, lakini vyumba mbali. Sasa mpaka darasa la nne wanasoma pamoja, kisha wavulana wanahamia skuli yao. Yeye anaona hiyo miaka minne haina maana. Mudira, mwalimu mkuu, ameshamwambia kwamba majlis ikiomba, yeye hatapinga.

Akamaliza kwa kusema, "Basi, binti yangu, nimekuja kuomba mkono wako, na wa mama wa mtaa wako."

Mtoto ndio kwanza amepasua kilio. Nilisimama namtikisa, kichwa changu kiko kwenye ile miaka minne, na macho yangu yameangukia kwenye kikombe chake. Kimejaa. Hajakigusa. Kahawa inapoa. Mimi nimelelewa kwamba mgeni akiacha kikombe kimejaa, ni aibu ya mwenye nyumba. Nikasema kama ambavyo mama yangu angesema:

"Kunywa, khala. Kunywa kahawa yako, inshallah kheri."

Uso wake wote ukafunguka. Akanywa papo hapo, akataka ya pili, akanywa, akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka. Akanibusu kichwani. Wakati anavaa viatu, mama mkwe wangu akatoka chumbani kwake ng'ambo ya ua, na Khala Shamsa akamwambia Mungu akubarikieni, mkazamwana wako amenipa.

Mama mkwe, ambaye mimi namwita ammati, aliniangalia mpaka lango lilipofungwa.

"Umempa nini?"

Nikamwambia sikumpa kitu, nimempa kahawa. Akaniuliza kama aliiweka chini. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nilimwambia anywe. Nikasema ndiyo, kwani nimwache?

Akakaa chini. Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza pacha. Kwao, mgeni aliyekuja na haja hanywi. Anaiweka kahawa chini na kuitaja haja yake. Mwenye nyumba asipotaka, anaanza kutoa udhuru na kahawa inabaki palepale, na hapo kila mtu ameshaelewa bila ya kuvunjiana heshima. Akimwambia kunywa, haja imekwisha, amempa, na hakuna tena maneno.

"Lakini ilikuwa inapoa," nikasema.

"Inapoa kwa makusudi," akasema ammati.

Mume wangu nilipompigia alicheka mpaka nikasikia wenzake wanamuuliza kuna nini. Akasema nimeuza mtaa mzima kwa kikombe kimoja, afadhali ningengoja halua. Mama yangu Maskati naye, baada ya shikamoo na marahaba, hakuelewa hata kidogo. "Kwetu kikombe kikiachwa," alisema, "ama cha moto, ama kibaya. Sasa chako kilikuwa kipi?"

Kufikia jioni kundi la mama kwenye simu lilikuwa limeshajua kwamba nyumba yetu iko na Khala Shamsa. Watu wakaniletea vipicha vya maua na mikono ya dua. Nikaiweka simu juu ya friji.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanikata.

Zahran na Zuwena wako darasa la pili. Zuwena alitangulia kutoka na alitangulia kusema. Zahran nyumbani anasema, anaimba, anamwigiza bibi yake anavyokohoa. Skuli alikuwa hafungui mdomo. Mwaka mzima wa kwanza abla hakuijua sauti yake. Akitaka maji, Zuwena anasema. Akitaka kutoka, Zuwena anasema. Akiulizwa jina lake, Zuwena anasema.

Kisha mwaka huu Zuwena aliacha. Hakuna aliyemwambia. Abla ndiye aliyenihadithia: Zahran akiulizwa kitu, dada yake hajibu tena. Anamgusa kiwiko kwa penseli na kumwambia, "Kwa nguvu." Basi. Na anangoja. Darasa zima linangoja naye. Siku moja Zahran akajibu. Sasa anajibu mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayeongea ndani ya mto, lakini anajibu.

Mimi sijui elimu ya mambo haya. Nimemaliza skuli nikaolewa, sikufika chuo. Najua tu kwamba penseli ile imefanya kazi ambayo mimi sikuiweza, na abla hakuiweza, na daktari wa Maskati alisema tungoje.

Darasa la tano atahama, hilo nalijua. Naomba miaka miwili tu iliyobaki.

Siku zote hizi nimekuwa nikijiuliza nifanye nini. Nisiende kesho? Mtoto anaota meno, udhuru ninao mkononi. Nikamuuliza ammati. Yeye hakunifokea. Alisema neno lililotoka nyumbani humu si langu peke yangu, limetoka chini ya dari ya mumewe, marehemu. Kisha akasema, "Lakini uliahidi mkono. Hukuahidi ulimi." Akarudi kwenye redio yake.

Leo baada ya adhuhuri nikapika mkate wa kumimina, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda kwa Khala Shamsa kwa miguu. Njiani nilikuwa nimeshapanga. Nitaiweka kahawa yangu chini kama alivyoiweka yeye. Nitamwomba aliache hilo la vyumba. Akiniambia kunywa, amefungwa kama nilivyofungwa mimi.

Nilijiona mjanja.

Akanikaribisha, akamchukua mtoto, akampa tende aitafune kwa ufizi. Akanimiminia. Nikaishika finjani, na hapo ndipo nilipofikiri sawasawa, nimechelewa kama kawaida yangu. Nikiiweka chini, nimeomba. Akinipa, nitakuwa nimepewa, na aliyepewa hasimami kesho mbele ya watu kusema vingine. Na asiponipa, nitarudi nyumbani nimeomba na nimekosa. Na yeye je, amwambie nani kwamba ameacha anachokiamini kwa sababu ya kikombe?

Nikanywa.

Akaniangalia. Alikuwa anangoja niiweke. Naona ammati na yeye wameshazungumza, kwa sababu hakushangaa kuniona, alishangaa kuniona nakunywa.

"Huna haja?" akauliza.

"Sina haja, khala. Nina maneno."

Nikamweleza habari ya Zahran yote, na penseli. Nilieleza vibaya, Kiarabu changu kinapata joto nikiwa na hofu, na Kiswahili kinaingia katikati kama mtoto asiyebisha hodi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali ambalo mimi mwenyewe huwa silitaki: mpaka lini mwanamume atasemewa na dada yake? Nikamwambia hasemewi tena, anangojewa. Akasema hiyo kweli ni tofauti.

Halafu akanifungulia mlango ambao sikuutarajia. Alisema hawa ni pacha, walikaa tumbo moja, hakuna atakayesema kitu. Atazungumza na mudira, wangu watabaki pamoja.

Nisijidanganye hapa, maana sina kwingine ninakoandika ukweli. Nilitaka kukubali. Nilishalifungua domo langu. Nimechoka, na mtu aliyechoka akionyeshwa njia fupi haulizi inapita wapi.

Ila nikaiona picha. Nikamuuliza, "Utawaweka wapi, khala? Zahran chumba cha wasichana peke yake, au Zuwena chumba cha wavulana peke yake?"

Akamtazama mtoto, akamfuta mate. Mtoto wa kiume asiyesema, kaketi peke yake katikati ya wasichana ishirini na kitu: wangemmaliza wakati wa mapumziko. Na yeye amesomesha maisha yake yote, anawajua watoto kuliko mimi. Nilimwona anavyoipiga hesabu ndani ya kichwa chake, na haikutoka.

Akanimiminia tena. Ndipo akanihadithia jambo ambalo nadhani hawaambii watu anapozunguka. Alipokuwa mdogo skuli ndiyo kwanza zimeingia huku. Babake aliapa kwamba binti yake hatakaa na watoto wa watu. Kisha ikasemwa kwamba wasichana watakuwa na mlango wao na wakati wao. Babake akaenda mwenyewe, akasimama nje ya mlango ule siku kadhaa, akahakikisha, ndipo akamruhusu. "Mlango ule ndio ulionisomesha," akasema. "Wewe unaona nataka kuwafungia. Mimi nakumbuka ulivyonifungukia."

Nilikuja nikidhani anataka mambo ya zamani kwa sababu ni ya zamani. Kumbe analinda kitu kilichomwokoa.

Lakini leo hakuna baba mtaani petu anayemzuia binti yake kwenda skuli. Mlango ule ulifanya kazi yake. Penseli ya Zuwena bado inaifanya yake.

Hilo nilimwambia. Si kwa ufasaha huu. Nilimwambia.

Akauliza, "Basi kesho utanipa mkono?"

Nikamwambia nitampa. Nilisema kunywa, akanywa, na mengi anayoyataka nayataka mimi pia, hasa ile ngome ya maboksi. Akauliza na baada ya mkono. Nikasema mudira akifungua maneno, nitasimama niseme vyumba visitenganishwe, na nitasema mbele yake.

Nilidhani atakasirika. Alinirudishia mtoto wangu, ananata tende mpaka masikioni.

"Sema," akasema. "Ila usilie. Ukilia watasema nimekuliza."

Na nilipokuwa mlangoni akaongeza kwamba mkate wangu una hiliki ya kutosha nyumba tatu, watu wa Zanzibar hatujui kuacha. Amechukua vipande viwili, nimemwona.

Sijui kesho itakuwaje. Naamini atashinda, na nadhani anastahili. Akishinda, analo hilo la vyumba mfukoni na mama wengi wanamuunga mkono. Naweza kusimama nikasema yote na bado mwakani Zahran akakaa chumba kingine, na hapo itanibidi nitafute namna nyingine ya kumngoja. Simlaumu mtu. Ila hataambiwa kwamba mama yake alikuwepo na alinyamaza.

Kwa hiyo mkono wangu utanyanyuka mara mbili. Mara ya kwanza kulipa neno langu. Mara ya pili kuomba nafasi ya kusema. Ninaloliogopa ni la pili. Ukumbi mzima utageuka. Wapo watakaocheka lafudhi yangu, na wapo watakaosema huyu si juzi tu alisema kunywa?

Kabla ya kuandika haya nilisimama mbele ya friji nikaijaribu sentensi yangu ya mwanzo kwa Kiarabu. Nikaisema mara ya kwanza, nikaisema tena. Pacha walikuwa wameingia kuchukua maziwa, wala sikuwasikia. Zuwena alikuwa anakunywa kutoka kwenye kopo, ndevu nyeupe. Zahran amesimama karibu yangu, ameinua uso ananisikiliza, kama anavyomsikiliza abla.

Nikaacha, nikaona haya.

Akanigusa kiwiko kwa kidole.

"Kwa nguvu, mama," akasema.

Wakatoka kurudi kwa bibi yao, wakaliacha friji wazi.

Mdogo ameamka sasa, namsikia. Nakwenda kumnyonyesha. Nikiwa namnyonyesha nitaisema tena ile sentensi, safari hii mpaka ammati aisikie ng'ambo ya ua.